Slaidi Namba Sitini na Moja

6 Februari

Mwanangu Dobi,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama barua bado hujaiandika. Mimi nipo. Magoti yananiambia nikae, nikikaa yananiambia nisimame, basi tunashindana hivyo mpaka jioni. Macho bado yanafanya kazi, ila ikifika saa nane mchana yanatoa machozi yenyewe, wagonjwa wanadhani nawalilia. Wewe je? Unakula? Kwenye picha uliyotuma umekonda mpaka shingo imekuwa ndefu.

Usinipigie simu kwa jambo hili. Mara ya mwisho tulimaliza dakika nne nzima tukiulizana "unanisikia?" Barua inachelewa, lakini haikatiki.

Nimebakiza miezi minne nistaafu. Sasa, wiki iliyopita umeletwa waraka hapa zahanati kwamba malaria ya kima, ile inayotolewa na mbu kutoka kwa kima na kuletwa kwa watu, imeonekana upande huu wa msitu pia, na huenda imekuwepo siku nyingi. Wameweka picha. Wanasema chini ya hadubini inafanana sana na malaria ya siku ya nne, ile ndogo isiyo na haraka, mpaka jicho zuri linachanganya. Yaani mimi, miaka thelathini na moja kwenye benchi hili, naambiwa kuna kitu nimekuwa nikitazamana nacho uso kwa uso bila kukijua. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Humu kwenye kasha la dawa ya meno nimekuwekea slaidi moja ya zamani, nimeifunga pamba. Ni namba sitini na moja. Ilisomwa kuwa ya siku ya nne. Nataka uisome wewe. Hiyo mashine yenu ya kupima vinasaba, kama bosi wako ataruhusu, nayo itie neno lake. Usiniulize ni ya nani. Ulipokuwa mwanafunzi wangu hapa benchi nilikufundisha jicho la pili haliambiwi jina, na hili la kukutajia jibu la kwanza tayari nimevunja sheria.

Hakuna jicho ninaloliamini kuliko lako. Fanya taratibu, usikimbie.

Baba yako


27 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Kasha limefika salama, hata pamba haijasogea. Bosi wangu alilikuta mezani akaniuliza kama kwetu wanadhani huku hakuna dawa ya meno. Mimi mzima, nimechoka tu, na uchovu wenyewe hauna hata kisa cha kusimulia. Naamka, navaa, nafua damu, narudi, nalala. Magoti yako uyapake ile dawa niliyotuma, usiihifadhi kabatini kwa ajili ya wageni.

Kila mwaka unaniuliza nafanya nini hasa, nami nakujibu "maabara tu." Leo nikueleze, maana waraka wako umegusa kazi yangu yenyewe. Kila Jumatatu inaletwa mifuko ya damu za watu waliojitolea. Naizungusha kwenye mashine, naondoa maji yake na chembe nyeupe, naisuuza mara tatu, nabaki na chembe nyekundu peke yake, safi. Ndiyo udobi wenyewe ulionipa jina huku, nawe ukalidaka bila kujua limetoka wapi. Halafu ile damu safi nawapa wageni wangu wale. Ni vimelea wa kima, baba. Hao hao wa waraka wako. Nawalea kwenye chupa.

Wenzangu walionitangulia wanasema mwanzoni vilikuwa havitaki damu ya mtu. Ukivipa, vinachagua chembe changa tu, zilizotoka kwenye uboho juzi, nazo ni chache, basi vinadumaa. Wakawa wanavichanganyia damu ya kima na ya mtu, mwezi hadi mwezi, wakipunguza ya kima kidogo kidogo, mpaka vikazoea. Sasa havichagui, changa kwa kuukuu vinaingia.

Na kuingia kwenyewe nimekuona kwenye skrini. Kimelea kinaigonga chembe, kinajiburuta juu yake, kinajigeuza mpaka ncha yake iangalie chini. Pale kwenye ngozi ya chembe kuna kishikio kidogo ambacho mwili umejiwekea kwa shughuli zake nyingine kabisa. Kimelea kinakikamata hicho. Wako watu waliozaliwa bila kishikio, hao kinawashindwa, kinateleza na kufa nje. Wenye nacho, kama kima alivyo nacho, hawana bahati hiyo. Kikishashika, chembe inatetemeka, inajikunja, na mgeni anazama ndani. Dakika haiishi. Chembe inajinyoosha, imetulia, utadhani hakuna kilichotokea. Baada ya siku moja tu inapasuka, wanatoka watoto kumi, hata kumi na sita, na kila mmoja anatafuta chembe yake. Wa siku ya nne wanachukua siku tatu kufanya hivyo, hawa ni moja. Piga hesabu mwenyewe mpaka siku ya tano, mimi sitaki.

Sasa slaidi yako. Ni ya kima. Macho yangu yalisema hivyo, mashine ikasema hivyo, bosi naye akatazama akatikisa kichwa. Ukanda ule unaokatisha chembe unafanana na wa siku ya nne kweli, hapo simlaumu mtu. Lakini kuna jambo moja sikulipenda kabisa. Nimehesabu kama ulivyonifundisha. Kufika chembe nyeupe mia mbili, nimeshakuta vimelea elfu mbili na ushee! Ya siku ya nne hapo ingekuwa na mia moja, ikizidi sana mia mbili. Huhitaji waraka wala mashine kujua mtu huyu yuko hatarini. Unahitaji kuhesabu tu. Akihesabiwa, siku hiyo hiyo anapandishwa gari, anakwenda hospitali kubwa, anatundikiwa dripu ya dawa, na pengine leo angekuwa analalamika magoti kama wewe.

Baba, aliyesoma slaidi hii alikuwa anasinzia. Au alikuwa na haraka ya kwenda mahali, na hapo alipokuwa anakwenda natumaini palimfaa. Mtu wa namna hiyo hafai kukaa kwenye hadubini, akauze vitumbua. Na aliyesaini baada yake naye ni mwenzake. Nani hawa? Ni wale wa zahanati ya ng'ambo? Na mgonjwa alipona?

Halafu ukingo wa kioo umekwaruzwa kwa wembe. Ni panya gani wa kwenu anayetumia wembe?

Mwanao,
Dobi


8 Aprili

Baba,

Shikamoo tena. Wiki sita sasa kimya. Nimepiga simu mara tatu, inaita tu mpaka inachoka. Nimempigia muuguzi wa dirishani, akaniambia upo, unafika kazini, unakula, ila huongei. Nikamuuliza haongei na nani, akasema na mtu yeyote.

Kama ni macho, niambie. Kama nimekukosea kwenye barua ile, niambie pia. Najua mdomo wangu. Lakini usininyamazie, baba, ukininyamazia naanza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri silali.

Mwanao,
Dobi


25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sijaanguka, sijalazwa. Barua zako zote mbili ziko hapa mezani chini ya kopo la chumvi. Kila siku nashika kalamu, naandika tarehe, naiweka chini. Tarehe nimeziandika nyingi.

Uliuliza mgonjwa alipona. Hakupona. Alikufa siku ya tano. Ni mama yako.

Kaa kwanza, kama umesimama.

Niliyesoma ni mimi. Niliona ukanda, nikaandika ya siku ya nne, alama moja, yaani vimelea vichache, sikuhesabu. Nikampa vidonge vya kumeza nyumbani. Jioni nikamwambia, "Ni ile ndogo, mke wangu, malaria ya wavivu," akacheka, akasema basi afadhali imempata mtu anayeifaa. Kesho yake akaenda shambani kule ukingo wa msitu kufukuza wale kima wake waliokuwa wanamwibia mahindi. Siku ya tatu hakuamka vizuri. Siku ya nne tukaanza kutafuta gari. Mengine unayajua, ulimshika mkono wewe.

Unakumbuka alivyokuwa akiitania ile homa? "Mgeni wangu wa saa kumi." Kila siku, saa kumi alasiri, anaingia na blanketi. Ya siku ya nne haiji kila siku, mwanangu. Ikija leo inapumzika siku mbili. Hilo analijua hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Homa imekuja mbele ya macho yangu kila siku saa ile ile, nami namletea blanketi, sikuhesabu hata siku.

Slaidi niliitunza kwa sababu ilikuwa damu yake. Sikuwa na nia ya kuisoma tena. Ulipokuja waraka nikaisoma, nikaona, nikasema macho yangu yamezeeka, ngoja nimpe mwenye macho. Nilifuta tarehe, nikakwangua na nukta ya msomaji, ile yangu ya bluu, ukingoni, usijue imetoka benchi gani.

Uliyoyaandika juu ya msomaji ni haki yake. Usiyafute hata moja.

Baba yako


16 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kwenye korido, karibu na ndoo za kufulia. Ulijua. Nilikaa juu ya ndoo.

Sitasema sina hasira. Ninayo, na nikiificha itaoza. Nina hasira na wewe, na waraka uliochelewa miaka tisa, na mama kwa kucheka. Siku ile nilikwenda kwenye kabati la joto, nikatoa chupa yangu, nikaitazama. Miaka minane, baba. Miaka minane namlea aliyemuua mama. Namfulia damu, nampa joto, nikienda likizo nampa mtu amwangalie, nikirudi naulizia hali yake kabla ya kuulizia ya wenzangu. Bosi alinikuta pale mlango wa kabati uko wazi, akaufunga taratibu, akanituma nyumbani. Nimelala siku mbili na bado nimechoka.

Lakini nilipoamka kuna jambo lilikataa kuniingia akilini.

Wewe hukuhesabu? Wewe? Wewe uliyekuwa unahesabu kwa njiti za kiberiti, kila vimelea mia njiti moja, zimepangwa kulia kwa hadubini, na mtu akizigusa ni vita? Ulinirudisha benchi mara ngapi kwa sababu njiti zangu hazikulingana na zako? Mama alikuwa akisema ukifa utawahesabu kwanza waliokuja kukuzika. Naweza kuamini umekosea aina, kila mtu angekosea. Kwamba hukuhesabu, siamini.

Nakuomba kitu kimoja. Fungua daftari la mwaka ule, ukurasa wa siku ile, upigie picha au uukate unitumie. Nataka kuona mkono wako uliandika nini. Sikushtaki. Nataka kuona tu.

Mwanao,
Dobi


10 Juni

Mwanangu Dobi,

Marahaba, na pole, na pole tena. Hasira yako nimeipokea yote. Nikasirikie mpaka iishe, usibakize ya akiba.

Huku nimeshaagwa. Wamenipa saa ya ukutani, mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Muuguzi wa dirishani alitoa hotuba, akasema sijawahi kukosea, nikatazama viatu. Kwenye kiti changu wamemweka binti mmoja wa chuoni, anahesabu kwa kidude cha kubofya. Nimemwachia njiti zangu, akazipokea kwa heshima kisha nikamwona anawashia jiko. Nilimwambia jambo moja tu: usimsainie mtu usichokiona kwa macho yako. Akasema sawa, mzee. Sijui kama amenielewa.

Asubuhi bado naamka saa kumi na mbili, nafika mpaka getini, ndipo nakumbuka.

Kuhusu daftari, la mwaka ule limeliwa na mchwa. Lilikuwa rafu ya chini, limeliwa lote, limebaki jalada. Kwa hiyo tuliache. Nilisoma mimi, nikasaini mimi, mama yako alikuwa mke wangu, na kosa ni langu. Wewe una maisha yako huko. Lea vimelea vyako, jifunzeni vinavyoingia, siku moja mtavizuia mlangoni, na hapo nitasema binti yangu alikuwemo.

Yaishe, mama. Nimechoka nayo, nawe usianze kuibeba.

Baba yako


2 Julai

Baba,

Shikamoo. Mchwa wa zahanati yenu wamesoma kweli, wamechagua na mwaka.

Tangu lini daftari zikakaa rafu ya chini? Rafu ya chini ulikuwa unaweka ndoo, kwa sababu ya mchwa hao hao. Ulinigombeza mimi mwenyewe siku nilipoweka daftari hapo. Baba, uongo hujauzoea, ungemwachia mwingine.

Nimeitoa slaidi tena. Safari hii sikutazama damu, nilitazama ukingo. Nimeuweka chini ya lenzi ndogo, pale ulipokwangua. Umekwangua vizuri, umekwangua mpaka kioo kimekuwa cheupe. Lakini pembeni kioo kimemeguka kidogo, na ndani ya pengo wembe haukufika. Kuna rangi imebaki. Si ya bluu. Ni nyekundu, na ina vumbi linalong'aa.

Nukta yako siku zote ilikuwa ya bluu, ya kalamu. Ya kwangu ilikuwa ya kijani, mpaka kalamu yangu ilipokauka, nami nikawa naweka nukta kwa rangi yangu ya kucha, ile nyekundu inayong'aa. Uliniambia nimeigeuza maabara saluni. Nilifanya hivyo wiki moja tu, kisha kalamu mpya zikaletwa. Nilikuwa nimesahau. Nimekaa na lenzi ile, baba, na siku nzima ikarudi yote, kama mtu ameifungulia mlango.

Ilikuwa siku ya mwisho ya picha za pasipoti za maombi yangu ya kuja huku. Mpiga picha alikuwa anafunga saa kumi. Slaidi zilikuwa nyingi, yule mwenzetu wa tatu alikuwa mgonjwa, wewe ulikuwa unagombana na mashine ya kutia slaidi rangi iliyoziba. Zilibaki kama ishirini na kitu. Nilizipitia kwa nusu saa. Nusu saa! Sikupanga njiti hata moja. Nikiona ukanda naandika ya siku ya nne, alama moja, naweka nukta, nashika nyingine. Namba tu, hakuna jina, ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Na nilijua mama amepima siku ile, nilimwona dirishani akinipungia mkono, na sikuwaza kwamba moja ya zile ni yake. Nikakuletea trei, nikakuomba uangalie haraka. Ukatazama saa, ukasema, "Nenda mama, mtu wako atafunga, nitasaini mimi."

Nikakimbia. Nilifika ameshaweka kufuli nusu. Nikamwomba, akafungua.

Picha hiyo ndiyo iko kwenye kadi yangu ya kazi. Naivaa shingoni kila siku. Nacheka kidogo kwenye picha, nimefurahi kuwahi.

Nilikuandikia kwamba aliyesoma alikuwa na haraka ya kwenda mahali, na natumaini palimfaa. Nilikuandikia wewe hivyo, ukalikalia wiki nane chini ya kopo la chumvi, halafu ukaniambia ni haki yako. Nimejichapa kwa mkono wangu, nawe ukaweka mgongo wako katikati. Kwa nini, baba? Nina miaka thelathini. Mimi si yule wa kupelekwa nje ya chumba watu wazima wakiongea.

Nilimuua mama. Nimeandika, tayari. Nimekaa nayo siku kumi kabla ya kuandika na sijafa, ingawa kuna asubuhi nilitaka kulala nisiamke. Sasa nataka ukurasa. Nataka kuona mwandiko wangu.

Nimepewa likizo. Nitafika Agosti tarehe tisa. Usinipokee kituoni, magoti. Nikute tu umewasha taa ya barazani.

Mwanao,
Dobi


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Ukurasa huu hapa, nimeukata kwa mkasi, usiuloweshe. Mchwa hawajaula. Ulikuwa chini ya godoro langu tangu wiki tuliyomzika mama yako.

Tazama safu ya kwanza, ni mwandiko wako. Namba sitini na moja, ya siku ya nne, alama moja. Herufi zako zinalala upande, unaona ulivyokuwa unakimbia. Sasa tazama safu ya pili, ya jicho la pili. Zile sahihi ishirini na tatu ni zangu. Angalia zilivyoungana. Kalamu haikuinuka. Nilizisaini kwa mkupuo mmoja huku mkono mwingine umeshika bomba la mashine, na sikuweka hata slaidi moja kwenye hadubini.

Kwa hiyo usinifanye malaika, na usijifanye muuaji. Aliyemuua ni yule unayemlea kwenye chupa, sisi wawili tulimwachia mlango. Mwanafunzi anakosea, Dobi. Anakosea kwa sababu ana miaka ishirini na moja na mpiga picha anafunga saa kumi. Jicho la pili liliwekwa kwa ajili ya siku kama hiyo, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa jicho la pili. Niliposema ni mimi, sikudanganya sana.

Umeuliza kwa nini. Nilipoona namba kwenye bahasha yake ya matokeo, kesho yake baada ya maziko, nikaitafuta slaidi na nikaona nukta yako, wewe ulikuwa umelala sakafuni chumbani kwake, umevaa khanga yake, hujala siku tatu. Nikasema huyu nikimwambia nitazika wawili. Basi nikakata ukurasa. Baadaye ukapata ile nafasi, nikasema aende kwanza. Ukaenda. Nikasema atulie kwanza. Ukatulia. Kila mwaka kulikuwa na kwanza yake. Waraka ulipokuja nikatumaini, kwa ujinga, kwamba utaisoma uniambie ni ile ndogo kweli, mama alikuwa na lake jingine, nami ningeuchoma ukurasa nikalala usingizi. Ulipojibu nilijua nimekuita mwenyewe ujihukumu, na hilo ndilo lililoniziba mdomo.

Nimelibeba miaka tisa nikidhani nakupunguzia. Kumbe nilikuwa nakuweka mbali. Nilikuwa naogopa ukirudi utaona usoni kwangu, ndiyo maana kila ulipotaka kuja nilikwambia nauli ni ghali, subiri mwakani. Nisamehe na hilo. Nimechoka, mama, nimechoka kukaa peke yangu na jambo hili kwenye nyumba hii.

Njoo. Nimefagia chumba chako, na kile cha mama yako nimekifungua madirisha. Hadubini ya zamani wameniachia, lenzi moja ina ukungu lakini inaona. Lete slaidi. Tutaisoma kila mtu kivyake, tuhesabu wote, njiti ninazo mpya. Halafu tutaipeleka kaburini kwake tukamwambie tulichokiona, maana hajawahi kuambiwa jibu lake.

Taa ya barazani nitaiwasha tangu tarehe nane. Barua yako nimeisoma yote, mwanzo mpaka mwisho, mara mbili, kabla ya kuweka sahihi yangu hapa chini.

Baba yako